Mtungi Uliopita Wodi ya Tatu

Grr, grr, tu. Grr, grr, tu. Hivyo ndivyo mtungi wa oksijeni ulivyolia kwenye sakafu ya saruji mchukuzi mmoja alipouviringisha umeinama, kiganja kwenye shingo ya mtungi, akiutua kila hatua ya tatu kwa sababu ya goti bovu. Kila mchukuzi wa hospitali ile alikuwa na mlio wake, na wa kwake ulijulikana hadi vitandani. Watu walimwita Mitungi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu.

Mdogo wake wa kike alipolazwa wodi ya tatu, mapafu yamechoka, kila aliposikia mlio ule aliwaambia wagonjwa wenzake, "Huyo ni kaka yangu." Asubuhi ya mwisho ghalani ulisalia mtungi mmoja. Karatasi ilisema: wodi ya watoto. Mitungi aliuviringisha, akaupita mlango wa wodi ya tatu bila kugeuza shingo. Kwamba dada yake alisikia, hana shaka. Aliporudi alimkuta amefunikwa shuka hadi usoni. Hakuwahi kuuliza ni mtoto gani aliyewekewa mtungi ule, wala kama alipona.

Hospitali iliwaambia wafiwa kwamba siku ile oksijeni ilikwisha yote. Mume wa marehemu aliamini, na Mitungi akamwacha aamini. Sasa ni miezi minane. Kesho shemeji anahama na wanawe wawili, anarudi kwa wazazi wake, safari ya siku mbili. Alipokuja jioni kumwita waende kutazama sinema ya bure nyuma ya jengo la kufulia, Mitungi aliona ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kumwambia.

Walikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, lililobebwa hadi uani. Ukutani ikaanza filamu kuukuu ya safari ya nyota za mbali, katika mwaka ambao sisi tulishaumaliza zamani.

"Shemeji, hicho ni chombo cha angani au birika?" aliuliza shemeji yake.

"Birika," alisema Mitungi.

"Na kamba iliyolining'iniza ile pale!"

"We baba, tuache tusikie," alifoka mama mmoja nyuma yao.

"Ningelipa kiingilio, mama, ningenyamaza."

Watu wakacheka. Mitungi naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Ndani ya birika hewa ilikuwa imeharibika. Nahodha alibaki na mtungi mmoja. Huku kuna mkewe, kule kuna mabaharia watano nyuma ya mlango wa chuma. Akaunyanyua kwa mkono mmoja kama chupa ya maji. Mtungi wa kweli huvunja kiuno, Mitungi aliwaza, akiwa hana mahali pengine pa kupeleka mawazo.

Nahodha akampelekea mkewe.

Ua mzima ulipiga makofi, na shemeji kuliko wote. Wale watano filamu haikuwaonyesha tena.

"Mwanamume huyo!" shemeji alisema, akifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi na wewe tulikosa hata huo mmoja. Ndiyo maana napata usingizi, unajua? Haukuwepo, basi. Nani nimlaumu?"

Mitungi akakaza mikono magotini. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa ameshakuzoea, kama alivyozoea goti lake.

"Watoto nimewaeleza," shemeji aliendelea, sauti imelainika. "Nimewaambia mjomba wenu alizunguka kila ghala siku ile, akamtafutia mama yenu hewa. Kesho kabla ya kuondoka watapita kwako wakushukuru. Mdogo amekuchorea picha. Usimcheke."

Ukutani roboti lilikuwa likicheza, na watu wakilizomea. Mitungi alisogea mpaka bega lake likagusa la shemeji.

"Usiwalete, shemeji," alinong'ona. "Ulikuwepo mmoja. Nilikuwa nao mimi."