Fundi Aliyehamia Mji Usio na Kutu

Ukinisikia nausema vibaya mji wa bahari, ujue nina haki yangu. Nilikaa huko tangu nilipoolewa. Nimefua nguo zikakaa kambani mpaka zikaanza kunuka kabla hazijakauka. Nimenunua jiko, redio, hata cherehani, vyote vikaliwa na kutu naviangalia hivi hivi. Joto lenyewe we acha tu: unatoka kuoga unajifuta, unajifuta, mwisho hujui unafuta maji au jasho. Na hapo sijatia chumvi, hewa ya kule ilikwishajitia yenyewe.

Mume wangu alikuwa hataki kusikia. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na kutu ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Geti likianza kuoza chini, mwenye nyumba anakuja mbio. Mtaa mzima ulimjua. Akipita na baiskeli yake watu wanamwita, "Fundi, bawaba yangu! Fundi, dirisha!" naye anajibu, "Kesho, kesho," huku anapunga mkono kama mbunge. Mimi mkewe nikienda dukani napewa kiti. Jioni upepo ukianza, wote tuko nje, milango wazi, umbea unapita nyumba hadi nyumba. Hayo nayo lazima niyaseme, nisije nikaonekana sina shukrani.

Lakini tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike, tunamwita Kasuku kwa vile mdomo wake haukai. Kifua chake hakikupatana na mji ule. Mvua zikinyesha kuta zinaota kuvu, nafuta leo, keshokutwa limerudi, na Kasuku anaanza kuvuta pumzi kwa shida, mabega yanapanda na kushuka. Hapo haongei. Nyumba ikinyamaza, tunajua. Daktari alipotuambia mtoto anahitaji hewa kavu, na kwamba safari nyingine huenda tusiwahi kumfikisha hospitali, sikungoja ushauri wa mtu. Nilimwambia baba yake, "Mimi nampeleka kwa dada yangu kule mlimani. Wewe kama unataka kuoa kutu, ioe."

Alikuja. Aliuza baiskeli, akafunga mashine yake ya kuchomelea ndani ya blanketi, akatufuata.

Mji wa dada ni wa baridi na ukavu. Nguo unaanika asubuhi, mchana unakunja. Kuta safi. Lakini jioni kila mtu kajifungia kwake na sweta lake, hujui hata jirani yako ni mzima au mgonjwa. Na kutu, aa wapi! Mageti waliyoachiwa na babu zao bado yamesimama. Mume wangu alizunguka mitaa akiyakagua, akarudi akaniambia, "Mama Kasuku, watu hawa hawana shida hata moja," kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Shemeji, mume wa dada, ndiye aliyemtafutia kazi ya kwanza: geti la mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anamalizia nyumba yake. Sasa, mume wangu kule baharini hakuwa akichomelea sehemu ya chini ya geti moja kwa moja. Aliifunga kwa nati, ili ikioza uifungue uweke nyingine bila kubomoa geti zima. Sifa zake zote zilitoka hapo. Basi akamfungia mwalimu nati nene za kupendeza, akazipaka grisi zisigande, akasogea nyuma kulitazama geti lake, mikono kiunoni.

Mwalimu akainama. "Hizi za nini?"

"Za kufungulia, mzee. Siku ukitaka ni spana tu, hata mtoto anafungua."

Jamani! Alikuwa anajisifu, maskini ya Mungu. Mwalimu alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, na kutoka si kawaida yao. "Njooni mwone! Fundi mgeni ananitengenezea geti la kufunguliwa kwa spana! Na grisi ameweka, wenzake wasipate taabu!" Mume wangu akajaribu kueleza habari ya kutu. Kutu gani? Hapakuwa na mtu pale aliyewahi kuona geti likioza. Ilibidi shemeji aje amwapie ndipo wakamwachia aondoke na vifaa vyake. Kufika jioni, mji mzima unajua kuna fundi wa wezi.

Alikaa ndani. Mtu aliyekuwa hamalizi chai bila kuitwa, sasa chai inapoa mbele yake na hakuna anayebisha hodi. Akaanza kutengeneza vitu vya dada ambavyo havijaharibika. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, ndivyo nilivyo. Mwisho akasema, "Narudi. Nitawatumia matumizi. Hapa mimi si kitu." Nikampangia nguo mfukoni, maana alisema kweli.

Asubuhi ya safari, mfuko wake ukiwa tayari mlangoni, alisema kwanza ampeleke Kasuku shule, amuage njiani. Shule iko juu ya kilima. Alirudi anahema, akakaa kizingitini, mfuko hakuugusa.

"Kilima chote kile," alisema, "amekipanda anaongea. Mwalimu wake, rafiki yake, paka wa shule, sijui nani. Mimi nimesimama nimeshika magoti, yeye yuko juu ananingoja na bado anaongea!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Kule hata ngazi za nyumbani tulikuwa tunambeba."

"Utachelewa gari," nikamwambia.

Alivua shati la safari, akavaa lile la kazi lililotobolewa na cheche, akaenda kwa fundi mmoja karibu na stendi, kijana wa kumzaa, kuomba kibarua.

Jioni alirudi mikono myeusi. "Wamenipa msasa," alisema. Kupiga msasa ni kazi ya wanaojifunza. "Na yule kijana ananiita Mzee Nati." Akajaribu kucheka, ikashindikana. Nikamletea maji ya moto anawe. Kasuku akaja akamkalia mapajani na kumsimulia habari za paka wa shule upya, tangu mwanzo, naye anaitikia, "Enhe. Enhe," kichwa amekiinamisha karibu na mgongo wa mtoto. Habari zenyewe alikwisha kuzisikia. Alikuwa anasikiliza kifua.