Nilivyomshusha Baba kwa Klachi Isiyokuwapo

Kilichonipandisha nyumbani kwetu Werugha, juu milimani Taita, mwaka ule ni macho ya Baba. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Daktari mmoja wa Mombasa, mji nilimokuwa nikifanya kazi ya kupiga taipu, alikubali kumpasua Jumatatu. Nafasi ile ikimpita, nani ajuaye angepata nyingine lini. Mama akaniletea salamu: njoo mwenyewe na gari, kwa basi hataki. Baba alikuwa ameendesha lori la mboga mpaka macho yalipomkataza. Makondakta wote wa njia ile walimjua, na hakutaka wamwone akishikwa mkono kupanda ngazi.

Jumamosi asubuhi nilitoka Mombasa nikiimba. Gari langu lilikuwa kuukuu, lakini mimi nililiona jipya. Nililinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na lilikuwa la automatiki. Halina klachi, chini kuna pedeli ya breki na ya mafuta tu, na kando ya kiti kuna kijiti chenye alama za D, 2 na L. Unakitia kwenye D, gari linabadilisha gia lenyewe mpaka ufike. Mackinnon Road kulikuwa na joto la kukaanga mtu, Maungu vumbi, na Voi nikasimama kunywa chai na mkate. Wanaume wawili wa hotelini walilizunguka gari wakitafuta klachi. Nikajiona malkia, jamani.

Kutoka Voi nilipita Mraru, nikafika Mwatate, nikaanza kupanda. Kona zile za kwenda Wundanyi humfanya hata mlevi akumbuke sala. Juu, Werugha, ukungu ulikuwa umekaa kwenye matuta ya kabichi na ilinibidi nivae sweta ndani ya gari. Mama alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akanikumbatia nayo mkononi. Baba alikuwa ameketi jikoni karibu na moto.

"Karibu, Wakesho. Gari nimelisikia," alisema. "Limepanda kwa ustaarabu. Ni la gia?"

Nilijua kwa nini anauliza. Zamani, akishuka na lori lake, alipitwa na gari la automatiki ambalo breki zake zilikuwa zinatoa moshi. Halikuikata kona iliyofuata. Baba ndiye aliyeteremka bondeni akampandisha dereva mgongoni, na yule dereva akafa kabla hawajafika barabarani. Tangu siku ile alikuwa na msemo wake: gari linalojichagulia gia, litamchagulia mtu na kaburi. Nikimwambia ukweli, hatapanda. Asipopanda, atabaki kuhesabu vivuli mlangoni.

"La gia, Baba," nikasema.

"Haya. Basi twende. Ungekuwa mwingine ningemtuma mtu akaliangalie."

Nikanywa maziwa yangu.

Jumapili, baada ya kanisa, tuliondoka, mimi na Baba; Mama alibaki na ng'ombe. Kabla sijawasha injini Baba alivua kofia akaomba. Alimshukuru Mungu kwa daktari, kwa njia, na kwa dereva anayejua gia. Mama akaitikia amina. Mimi nilimkumbuka Yakobo na zile ngozi za mbuzi alizovaa ili baba yake asiyeona ampapase na kumdhania ndugu yake, na amina yangu haikutoka.

Sasa sikilizeni upumbavu niliofanya. Udereva nilijifunzia gari la klachi, kwa hiyo mwendo wake niliujua. Tulipoanza kuteremka kutoka Wundanyi, niliinua mguu wa kushoto nikakanyaga sakafu tupu, tap! Papo hapo nikavuta kijiti kutoka D hadi 2. Injini ikanguruma, gari likajizuia.

Baba akainamisha kichwa, akasikiliza. "Eee. Hiyo ya pili. Kaa nayo."

Kwenye kona kali nikakanyaga tena sakafu, nikavuta hadi L. Gari likatambaa kama kinyonga, na breki sikuzigusa ila kidogo. La kuchekesha ni kwamba hivyo ndivyo gari lile lilivyotakiwa kushushwa. Ningekuwa peke yangu ningeliacha kwenye D, nikanyage breki mpaka zinuke. Uongo wangu ulikuwa ukitushusha salama, na hilo halikunipa raha hata kidogo.

"Nani alikufundisha kushuka hivi?" Baba aliuliza.

"Ni wewe, Baba. Nilikuwa nikikaa nawe kwenye lori."

Huo ulikuwa ukweli, ndiyo maana ulinichoma zaidi. Baba alitabasamu, akaushusha mkono wake uliokuwa umeng'ang'ania mlango tangu tulipoondoka nyumbani.

Baada ya Mwatate njia ilinyooka. "Mbona hujatia ya nne?" akauliza. Gari lenyewe lilikuwa na gia tatu tu! Nikamwambia naibembeleza injini kwa sababu ya joto. Akakubali. Tulipofika Maungu alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea bega langu. Mtu aliyekuwa hapandi gari lolote bila kuuliza maswali kumi alikuwa amelala fofofo, na mimi mguu wangu wa kushoto uliendelea kukanyaga sakafu, asije akaamka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mombasa, upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho la kwanza lilipofunguliwa na kuvishwa miwani mizito, Baba alinitazama kitambo. "Umenenepa," akasema, tukacheka na machozi yakitutoka. Laiti hadithi ingeishia hapo! Siku ya kuruhusiwa nilimletea tikiti ya treni mpaka Voi. Nilimwambia gari lina kazi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akadakia: "Mzee, si ulisema unarudi na yule binti wa gia? Ametuchosha huyu na gia zako, dada!"

"Treni ya nini?" Baba alisema. "Nimekusikia ukibadilisha. Sasa nataka nikuone."

Tukatoka uani. Alilizunguka gari akilipapasa bodi, akafungua mlango wa dereva, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona pedeli mbili.

"Klachi iko wapi?"

Akapapasa sakafu kwa mkono, kisha akanigeukia.

"Wakesho. Siku ile mlimani, ulikuwa ukikanyaga nini?"

"Sakafu, Baba."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi kule, mahali anapoketi abiria asiyemjua dereva. Nilimwambia bila uongo ule asingepasuliwa. Akasema, "Labda. Hukuniuliza." Mpaka Voi niliendesha na D yangu, mguu wa kushoto umekunjwa kando kama wa mwizi.

Tulipofika Mwatate akasema simama. Alishuka, akaomba chupa ya maji. Hapo nilijua anachotaka kufanya. Kwetu Taita, hasira ya mzazi ikikaa kifuani humdhuru mtoto, hata kama mzazi mwenyewe hataki. Baba ni mtu wa kanisa, lakini jambo hili hakuliacha. Alipiga funda la maji, akalipulizia chini mbele yangu, akasema kwa Kidawida, lugha yetu, kwamba kama ana hasira nami, itoke, iende na maji haya, na nikae salama mimi na safari zangu. Akapuliza tena. Kisha akaja kuketi mbele.

"Panda taratibu," akasema. Nilipanda nikilia wazi wazi, wala hakuniambia ninyamaze.

Nyumbani Mama alipiga vigelegele alipomwona akikwepa mwenyewe shimo la njiani. Majirani walikuja, akawatambua mmoja mmoja, akawatania kwa jinsi walivyozeeka. Mmoja akauliza binti ameendeshaje. Baba akasema, "Ameendesha vizuri," akaomba chai. Usiku huo nilijisemea nimesamehewa, yameisha. Sikujua kwamba hasira na imani ni vitu viwili, na kwamba maji yaliyoondoa kile kimoja hayana uwezo wa kurudisha kingine.

Asubuhi niliaga. Mama alinifungia kabichi na mtindi. Baba alisimama karibu na gari, miwani ikimetameta, mkono wake ukiwa begani kwangu kwa upendo wote.

"Krismasi nitakuja, Baba. Kweli kabisa."

Akaitikia kwa kichwa vizuri tu, bila ubaya wowote. Halafu akamgeukia Mama.

"Atakuja?"