Saluti ya Ronny

Saa nane mchana, Ijumaa ya Februari. Jebet Koros anapanga viti katika ukumbi wa makazi ya wafanyakazi wahamiaji, Al Wukair, katika nchi ya Kiarabu. Kwa miaka mitatu Ronny, mmoja wa waigizaji wake, hajawahi kuchelewa mazoezi. Saa tisa simu inalia: Ronny alilala baada ya zamu, hakuamka.

Jebet, 34, husafisha vyumba vya hoteli pale The Pearl, saa kumi kwa siku. Ijumaa ni ya vichekesho vya Roma ya kale. Hutafsiri mwenyewe, kwenye daftari la shule. Kisa huwa kimoja: mzee bahili, mwanawe aliyependa msichana, na mtumwa mjanja anayemzunguka mzee mpaka kijana anaoa.

Ronny, mlinzi wa geti, ndiye aliyekuwa mtumwa. Alikuwa na kasoro moja. Kila mzee alipoingia, yeye katikati ya uongo wake alikakamaa na kupiga saluti.

“Mtumwa wa Roma hapigi saluti, wewe!” Jebet alikuwa akifoka.

“Mwili umezoea, mwalimu. Nifanyeje?”

Ukumbi ulicheka hadi machozi.

Aliyecheza mzee ni Nafula, yaya kutoka Bungoma, na hakupendezwa. “Huyu anadanganya mwanzo mpaka mwisho, halafu anasamehewa. Tunafundisha watu nini?”

“Mwanafunzi ni mzee, anti,” Ronny alimjibu. “Mtumwa ameomba msamaha tangu azaliwe. Mzee ndiye hajui kusamehe.”

Baada ya mwili wa Ronny kusafirishwa Eldoret, Nafula alitaka kikundi kivunjwe. “Tucheke nini, na kaburi halijakauka?”

Jebet alikaa miezi miwili bila kufungua daftari. “Niliogopa kusahau sauti yake,” anasema. “Na kila ukurasa ulikuwa na sauti yake.”

Ijumaa iliyopita aliwaita tena, akasimama mahali pa Ronny. Nafula akaingia na mkongojo wa mzee. Maneno yakamtoka Jebet kichwani. Mkono ukapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso.

Nafula akamkodolea macho, kisha akacheka, machozi yakimtiririka. “Mjinga wewe! Haya, umesamehewa.”

Jebet anatumaini kutafsiri mchezo mwingine kabla ya mwaka kwisha. Huu wa Ronny utachezwa Ijumaa hii, saa kumi jioni. Katika daftari, pale mzee anapoingia, ameandika kwa wino: mtumwa anapiga saluti.