Mnara Nyuma ya Zizi

Juzi nilipita Kawajense nikamwona fundi akiupaka rangi mnara wa televisheni, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Siku hizo mnara ulikuwa mpya, nyuma ya zizi letu. Upepo ukivuma, nyaya zake zilipiga mluzi, na harufu ya rangi ilichanganyika na ya samadi. Fundi aliyeujenga alimwambia baba, "Huu unapokea picha, halafu unazirusha kila nyumba." Nikadhani ni picha zetu. Tangu siku hiyo sikukubali kuoga uani.

Mchana ninaoukumbuka nilimkuta mama akilia peke yake nje, karibu na mafiga. Wiki ile tulikuwa tumemzika mdogo wangu, na mbele za watu mama hakutoa hata chozi. Nikamfunika kanga kichwani.

"Mayu, mama yangu, usilie hapa. Mnara unakuona. Mji mzima utakuona."

"Nani kakwambia?"

"Fundi."

Sasa najua mnara hauna jicho. Hupokea mawimbi kutoka kituoni, huyaongezea nguvu na kuyarusha kwenye antena za watu. Mama hakujua. Aliutazama mnara kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, tukaingia ndani, akafunga mlango, akalia kwa sauti.