Zebaki Ilivyopumua

Juzi kipimajoto kilivunjika zahanati, tone la zebaki likabingirika hadi miguuni pa mama. Nikakumbuka karai lake la kuoshea dhahabu. Nilikuwa mtoto bado, na shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba kiumbe hai hujongea, hula, hukua na kupumua. Nikaichungulia zebaki aliyoimimina karaini kwa mashaka. Ilikimbia kidole changu, ikameza dhahabu, ikanenepa.

“Mayu, hii ni hai,” nikamwambia mama. “Usiishike!”

Akacheka, akaikamua kwenye kitambaa kwa mikono mitupu. “Pua yake iko wapi, we mtoto?”

Akaichoma juu ya mkaa. Moshi ukampanda usoni.

“Si hiyo inapumua!” nikalia, nikimvuta gauni.

Pale zahanati mama aliinama aliokote lile tone, mkono wake, uliotuleta kwa daktari, ukimtetemeka. Nikaushika.

“Iache, mayu. Inapumua.”