Daktari wa Moyo wa Mbugangari

Siku ya kuposa, Kayitare alipanda juu ya sifa mpaka akasahau kushuka. Ndiyo kazi ya msemaji wa upande wa mume, na mjini Gisenyi msemaji asiyetia chumvi huhesabiwa bubu. Sasa angemsifuje mpwa wake Valentin mbele ya wazee wa Nyamyumba, upande wa mke? Aseme kijana analisha samaki? Tena samaki wasioliwa? Akakohoa, akanyoosha fimbo, akasema: "Huyu wetu, wazee, anatibu mioyo ya watu." Makofi yakalia. Valentin akainamisha kichwa kwa aibu, na wakwe wakadhani ni adabu.

Angeweza kumsahihisha mjomba kwa mzaha, watu wangecheka na mambo yakaisha. Lakini wazazi wa Belise, binti aliyeposwa, walikuwa wanamtazama kwa fahari, na fahari ya wakwe ni tamu mno kuitema. Akaimeza. Njia ya mwongo ni fupi, wasema watu. Ya aliyenyamaza huwa ndefu kidogo, ila huishia palepale.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuonea haya. Katika nyumba moja ya utafiti pale Mbugangari kulikuwa na matangi ya vioo yaliyopangwa hadi darini, na ndani yake samaki wenye milia kama punda milia, wasiofika urefu wa kidole. Watafiti waliwapenda kwa sababu miili yao inafanana na yetu kuliko mtu anavyodhani. Kitoto chao kikitoka kwenye yai huwa kinapenywa na mwanga, ukikiweka chini ya hadubini unauona moyo ukidunda bila kupasua kitu. Basi walifuga wenye kasoro za moyo, zile wanazozaliwa nazo watoto wetu, wajue kasoro inaanzaje na dawa ipi inasaidia. Valentin alisafisha matangi, alipima joto la maji, alilisha. Sokoni akina mama wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, walimtania: "Samaki haiingie mu sufuria, ni ya nini?" Naye, badala ya kuwaeleza, akajifunza kuficha.

Belise alipohamia kwake aliujua ukweli siku za mwanzo tu. Alimhimiza aende kwao akaseme. Kila mara Valentin alijibu, "Bon, nitasema."

Asubuhi moja mlinzi akamwita. Langoni alisimama mama mkwe wake, Verediane, kashika kuku kwapani, na kando yake mjukuu wake Keza, amevalishwa gauni la kanisani. Valentin alikuwa na buti za mpira na wavu mkononi. Msumarini, nyuma ya mlango, lilining'inia koti jeupe la mtafiti. Tungependa kusema shetani ndiye aliyemvisha, lakini ni mkono wake mwenyewe uliolitungua.

"Mukwe wangu, nimekuletea mutoto," alisema Verediane. "Akipanda kilima kidogo tu, midomo inakuwa bleu. Kwa centre de santé walisema tumupeleke hôpital, mi nikakataa. Juu ya nini niende kwa wengine na docteur iko mu famille?"

"Tangu lini, mabukwe?" akauliza Valentin.

"Tangu mavuno ya maharagi ya mwaka jana. Donc nikasema tungoje. Mukwe mupya hawamusumbue na shida."

Walimngoja kwa heshima. Hilo ndilo lililomchoma. Ili apate muda wa kufikiri, akawaingiza ndani, akamketisha Keza mbele ya hadubini na kumwonyesha kitoto kimoja cha samaki.

"Iko inapiga!" Keza alipiga kelele. "Ona, moyo yake iko inapiga!"

"Ndiyo, inapiga."

Mtoto akashuka kwenye kiti. Akavuta ukosi wa gauni chini, akasimama mbele ya Valentin wima kabisa, kifua mbele, akingoja. "Na yangu? Iko inapiga muzuri?"

"Muangalie, docteur," bibi yake akasema taratibu.

Valentin aliangalia. Aliona kifua chembamba cha mtoto na kifungo kilicholegea, basi. Aliwaonea wivu samaki waliozaliwa bila njia ya kuficha kitu. Akavua koti.

"Mabukwe, mi siko docteur. Mi nalisha hawa samaki. Kayitare alisema vile, mi nikanyamaza."

Verediane alilitazama koti, halafu akazitazama buti, ambazo zilikuwa zikisema kweli tangu alipoingia. Hakugomba, na laiti angegomba! Alimfunga mtoto kifungo, akamwinua kuku aliyekuwa amemweka sakafuni, akamrudisha kwapani.

"Basi tuende kwenye iko docteur," akasema.

Valentin akawafuata. Hospitalini daktari, mwanamke kijana, alisikiliza kifua cha Keza kwa muda mrefu. Moyo una tundu, alieleza. Itabidi apelekwe Kigali, na wangemleta mapema ingekuwa afadhali sana, maana mapafu yameanza kuchoka.

"Juu ya nini mulichelewa hivi?" akauliza.

Verediane aliangalia ukutani. "Mvua..." alianza, na Valentin akaelewa kwamba mwanamke huyu, hata sasa, alikuwa anamsitiri.

"Hapana," akasema. "Walikuwa wananingoja mimi."

Daktari akamgeukia. "We ni nani?"

"Mi nalisha samaki," akasema Valentin.