Aliyesimama Nyuma Yangu Mkunazini

Watakaosema niliota na waseme. Mimi nilikuwa macho, alasiri, jua linawaka, na haya yamenifika mwenyewe.

Mimi na mume wangu Hafidh tulikuwa na kiofisi ghorofani, mtaa wa Mkunazini, tukizitunzia hoteli kompyuta zao. Ndani mna kompyuta moja kubwa ya Linux, tumeigawa vyumba. Kila hoteli ina seva yake humo, kama kompyuta ndani ya kompyuta, inajiona iko peke yake. Maswali ya wateja yalikuwa yale yale: chumba kimoja kikizimwa, vyengine vitazimika? Jirani ataona mafaili yangu? Hafidh akiwajibu kwa upole, nami nikajifunza kwake.

Siku ile tuligombana. Nilimwambia asende Kiwengwa na vespa, mvua ya asubuhi imeiacha barabara inateleza. Akaenda. Nikanuna.

Alasiri seva zote zikawa nzito, simu za wateja hazikatiki. Nimeinamia kibodi, mara nikasikia hatua zake kwenye ngazi, akaja akasimama nyuma yangu. Niamini, harufu yake ya udi niliijua kabla hajasema.

"Kuna chumba kimoja kinakula kumbukumbu yote ya mashine," alisema. "Tazama cha hoteli ya Matemwe. Hukukiwekea kikomo."

Sikugeuka. Hasira zilikuwa hazijanitoka. Nikatazama, kweli ndicho. Nikakiwekea kikomo, vyengine vikapumua.

"Chumba kikihamishiwa mashine nyengine," akauliza, "waliomo wanajua?"

Swali la mteja mgeni! Nikadhani ananichekesha tupatane.

"Si wewe uliyenifundisha? Hawajui. Wanaendelea na kazi zao tu."

"Na waliobaki huku?"

"Wana yao. Niache Hafidh, nna shughuli."

"Haya. Mie nshakwenda."

Haikupita robo saa akaja shemegi yangu Seif, kaka yake Hafidh, analia kama mtoto. Vespa imeteleza njia ya Kiwengwa, Hafidh hayupo tena, tokea kabla ya adhuhuri.

"Mwongo!" nikamwambia. "Katoka hapa sasa hivi!"

Nikateremka mbio kwa Bi Mwana, anayeuza urojo mlangoni petu. Hakuna apandaye ngazi ile yeye asimuone.

"Nimemuona akipanda, mwanangu," alisema. "Nikamsalimia, hakunijibu. Kushuka sikumuona."

Hospitali nilimkuta kafunikwa shuka, mwili umeshapoa. Sasa nambie, nani aliyeniambia nitazame chumba cha Matemwe?

Kiofisi nilikifunga nilipotoka eda. Sasa nimeajiriwa kwa watu, na kila meza ninayopewa huigeuza ikaelekea mlango. Wenzangu wananicheka. Hawajui kwamba alikuja kuniaga, nami nikampa mgongo mpaka akaondoka. Uso aliokuja nao siku ile sikuuona. Nikimuota, namuota kwa sauti tu.

Basi wewe unayenisikiliza, mwenzio akikujia nawe umemnunia, usimjibu kwa kisogo. Iache hiyo kazi. Geuka umtazame.